MIONGO YA NAIRUZI NA UTABIRI WA MVUA: MAELEZO KWA WAKULIMA NA WANANCHI

Kila msimu wa mvua unapokaribia, masheha na mabwana shamba wa Unguja hupokea suali lile lile kutoka kwa wakulima: tusie lini? Wapo wanaojijibu kwa kuhesabu miongo kama walivyorithishwa na wazee, na wapo wanaosubiri utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Suali hilo si dogo. Mbegu iliyosiwa kabla ya wakati huungua ardhini, na mkulima mdogo aghlabu hana akiba ya kusia mara ya pili. Makala haya yanaeleza namna hesabu mbili hizo zinavyofanya kazi na pale zinapokutana.

Hesabu ya Miongo

Mwaka wa Nairuzi, ambao kuingia kwake husherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, una siku 365 zinazogawiwa mafungu ya siku kumi kumi yaitwayo miongo. Kwa hesabu hii mabaharia walijua lini Kaskazi na Kusi zitageuka, na wakulima walijua lini watayarishe makonde yao. Ni hesabu yenye hekima, kwani hufuata jua, tofauti na miezi ya Kiislamu ambayo hufuata mwezi mwandamo na kuzunguka misimu yote.

Hata hivyo, mwaka wa Nairuzi hauongezwi siku moja kila baada ya miaka minne. Kwa sababu hiyo siku ya mwaka hurudi nyuma pole pole. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Siku hizi huangukia Julai. Hesabu imehama kwa zaidi ya mwezi mmoja, lakini mvua haikuhama pamoja nayo. Mkulima anayeshika idadi ya miongo ya mababu bila ya kuirekebisha hujikuta anasia mapema mno.

Maana ya Utabiri

Mvua zetu huletwa na ukanda wa makutano ya pepo, ambao hulifuata jua na kupita juu ya visiwa vyetu mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei ukielekea kaskazini, ndiyo Masika; na Oktoba hadi Disemba ukirudi kusini, ndiyo Vuli. Wingi wa mvua hutegemea pia joto la bahari. Bahari ya Hindi upande wetu inapopata joto kuliko kawaida na upande wa Indonesia ukapoa, mvua za Vuli huzidi, kama ilivyotokea mwaka 1997 na mwaka 2019. Kwa kuwa joto la bahari hubadilika taratibu, wataalamu huweza kulipima na kutoa mwelekeo wa msimu kabla haujaanza.

Neno linalowatatiza wengi katika utabiri ni "wastani". Tuchukue mfano wa pahala ambapo kipimo cha kawaida cha msimu mzima ni milimita 400. Mvua ikiwa baina ya milimita 300 na 500, yaani asilimia 75 hadi 125 ya kipimo hicho, huitwa ya wastani. Ikizidi 500 ni juu ya wastani, na ikipungua 300 ni chini ya wastani. Izingatiwe kuwa hiyo ni jumla ya msimu. Mvua ya wastani yaweza kunyesha kwa siku chache na kuacha wiki za ukavu katikati yake. Mpunga unaotegemea mvua hauwezi kustahamili ukavu huo, ilhali muhogo wa uwandani huweza.

Kwa hivyo utabiri wa msimu humsaidia mkulima kuchagua zao na aina ya mbegu, lakini haumwambii siku ya kusia. Siku hiyo hutafutwa katika taarifa ya siku kumi na ya kila siku. Hapa ndipo hesabu mbili zinapokutana, kwani siku kumi za wataalamu ndizo siku kumi za mwongo. Hata mwenye kuanika karafuu hufaidika na taarifa hizo.

Tahadhari

Kwa hatari za karibu hutolewa viwango vitatu: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa. Wavuvi na wasafiri wasivipuuze. Mnamo Aprili 1872 dharuba kubwa iliipiga Unguja bila ya watu kuwa na habari, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hiki. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikaribia pwani yetu, lakini safari hii habari zilitangulia, na vyombo baina ya Unguja na Dar es Salaam vilisitishwa kabla ya hatari kufika.

Wananchi wanaombwa kusikiliza taarifa za hali ya hewa redioni, na kuwauliza mabwana na mabibi shamba pale wasipofahamu. Masheha nao wanahimizwa kuzifikisha taarifa hizo kwa wasiozipata. Elimu ya wazee isitupwe, bali ilinganishwe na vipimo vya leo. Dalili ya mvua ni mawingu; na mwenye kuyasoma mapema ndiye anayeinusuru mbegu yake.