Je, Wajua? Shira Inayotoka Mtini

Je, wajua kwamba shira ya kahawia wanayomwagia vyakula vya asubuhi kule Vermont, Marekani, ni maji ya mti? Mti wenyewe ni maple. Shina hutobolewa, bomba dogo hupachikwa, na kinachodondoka ni maji maangavu yenye sukari asilimia 2 hivi.

Je, wajua kwamba lita 1 ya shira hiyo humaliza lita 40 hivi za maji ya mti? Piga hesabu ya kuni za kuyachemsha. Kambini Kakuma, huku Turkana, ambako wakimbizi na wenyeji wameumizana kwa ajili ya kuni, jiko kama hilo lingekuwa uchokozi.

Je, wajua kwamba vijana wa Sudan waliokulia Kakuma, kambi iliyoanzishwa 1992, walipohamishiwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi walifikia Burlington, Vermont? Huko baridi ndiyo mgema: usiku lazima kugande, mchana kuyeyuke, la sivyo mti hautoi kitu. Mji wetu wa Lodwar haujui usiku wa namna hiyo, basi maple tuusahau.

Tuna mkoma, ambao Waturkana huuita eengol. Umejipanga kando ya mto Turkwel, na tofauti na minazi, shina lake hugawanyika matawi. Ukindi wake husukwa vikapu. Tunda lake gumu hugugunwa ganda tu, nalo ni tamu. Pwani mkoma hugemwa tembo, ila mgema hukata kilele, na shina lililokatwa kilele hufa. Mnazi una nafuu: hugemwa karara, mti ukabaki. Tembo tamu likichemshwa siku hiyohiyo huwa asali. Likilala, ni kileo.

Na ule utomvu wa mgunga uitwao ekunoit, wanaotafuna watoto? Huo ni gundi, uchemshe mpaka kesho hautakuwa shira. Viwanda vya soda huutumia kushikilia ladha isijitenge na maji.

Sasa mti wa mathenge. Ndiyo, huyohuyo ambaye Waturkana humwita etirae, aliyeletwa kuzuia jangwa, akaziba njia na mashamba, na huko Baringo wananchi wakaishtaki serikali, mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani kama kielelezo, meno yameozeshwa na maganda ya mathenge. Je, wajua kwamba kilichoyaozesha ni sukari? Kule Piura, Peru, maganda ya mti wa ukoo huohuo hupikwa kuwa algarrobina, shira nyeusi wanayotia kwenye maziwa ya watoto.

Kazi yake haina siri. Maganda makavu huchumwa mtini, si kuokotwa mavumbini yakiwa na ukungu na wadudu. Huoshwa, huvunjwavunjwa, huchemshwa saa kadhaa hadi yalainike, hukamuliwa na kuchujwa kwa kitambaa, kisha maji yale hurudishwa motoni yapungue mpaka mwiko uache njia sufuriani. Sukari ya kuongeza haitiwi. Kuni nazo ni mathenge huyohuyo, anayekatwa na kuchipuka tena.

Mwenye kipimajoto, azima kipimo cha maple: shira yake huiva nyuzi 4 hivi juu ya joto la maji yanayochemka. Lodwar iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yake huchemka kwenye nyuzi 98. Kitabu cha Vermont kikikwambia 104, wewe epua kwenye 102.