Faili la VPN na Usomaji Wake katika NetworkManager

VPN ni njia ya siri inayopitishwa ndani ya intaneti, na yapitayo humo husomeka kwenye ncha zake mbili tu. Kwa njia hiyo mhadhiri aliyeko Kikuyu, mjini Dodoma, aweza kusoma majarida ya maktaba ya chuo kilicho mbali kana kwamba yumo ndani yake. Chuo humpa faili la maandishi, ambalo kwa OpenVPN jina lake huishia kwa .ovpn.

Faili hilo ni matini yenye sarufi yake, na kila amri ina neno lake la kuianza. "Remote" hutaja seva. "Ca" hutaja cheti cha kuithibitisha seva hiyo. "Key" hutaja ufunguo wa siri wa mtumiaji.

Katika kompyuta za Linux, NetworkManager hulisoma faili hilo mara moja, kisha huhamishia maana yake katika visanduku vya kidirisha chake. Kwanza sharti iwepo programu-jalizi ya OpenVPN. Ndipo mtumiaji hufungua mipangilio ya mtandao, huongeza VPN, huchagua kuingiza kutoka faili, huandika jina na nywila yake, na kuhifadhi.

Kazi hii yafanana na kufasiri, nayo ina hasara za kufasiri. Amri ya kuendesha programu nyingine njia ifungukapo haichukuliwi. Cheti kikiwa katika faili la pembeni, hunukuliwa mahali kilipo tu; kikihamishwa, njia haifunguki. Cheti na ufunguo vikiwa ndani ya faili lenyewe, hunakiliwa katika folda ya mtumiaji. Kwa hiyo afutaye faili la asili akidhani ameiondoa siri yake amekosea, kwa kuwa nakala ya ufunguo imebaki. Tena, kwa kawaida mawasiliano yake yote hupitia chuoni, asipochagua kuitumia njia hiyo kwa mtandao wa chuo peke yake.

Upo pia upande wa sheria. Tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN wazisajili hadi tarehe 30 ya mwezi huo, pamoja na kutaja anwani za IP. Aliyelisoma faili lake aijua seva aitumiayo. Aliyebofya tu hana la kujibu.