Mbinu za Kikosi Pale Mtandao Unapochelewa

Michezo ya kufyatuliana risasi kwa vikosi, kama Call of Duty: Mobile iliyotolewa Oktoba 2019, huwakutanisha kwa intaneti wachezaji walio mbalimbali, na kwa hiyo mbinu zake haziwezi kuelezwa vyema bila kuuangalia mtandao wenyewe. Lafey, mji wa kaunti ya Mandera ulio karibu na mpaka wa Somalia, unafaa kwa uchunguzi huo, kwa kuwa minara ya simu katika kaunti hiyo imeharibiwa mara kadhaa na wapiganaji wa Al-Shabaab, hata kijana wa huko hucheza vita vya skrini huku vita halisi vikiamua kama mtandao utakuwepo.

Mtindo wa kuchunguzwa hapa ni ule wa bomu, ulioenezwa na Counter-Strike tangu 1999: watano hushambulia wakitafuta kutega bomu katika mojawapo ya vituo viwili, watano hulinda, na anayeuawa hukaa nje hadi raundi ifuatayo. Walinzi, kwa kutojua shambulizi litatokea wapi, hugawana, kwa kawaida wawili kila kituo na mmoja katikati, ilhali washambulizi wanaweza kujimwaga wote upande mmoja. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alieleza katika kitabu chake cha 1916 kwamba nguvu ya kundi linalofyatuliana na jingine hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yake, hivyo watano dhidi ya wawili ni 25 kwa 4, na ustadi ukilingana, watano hao huwamaliza wapinzani kwa kupoteza, kihesabu, chini ya mtu mmoja. Kazi ya wale wawili basi si kuua bali kuchelewesha: kutupa bomu la moshi mlangoni, kufyatua kidogo na kurudi nyuma hadi wenzao wafike. Uchu wa kuhesabu maiti ndio unaowaangusha walinzi wengi hapo.

Washambulizi nao hutuma wawili wapige kelele kituo cha kwanza ili watatu waingie cha pili, na anayetangulia hufuatwa kwa karibu na mwenzake, ili akiangushwa, aliyemwangusha apigwe kabla hajajificha. Wazee wa Kisomali wachezao shax, mchezo wa ubao ambamo vijiwe vitatu vilivyopangwa mstari mmoja humpa mwenye navyo haki ya kuondoa cha mpinzani, wangeielewa mantiki hiyo ya kushikamana bila kushika simu.

Ucheleweshaji ni muda ambao taarifa hutumia kutoka kwenye simu hadi kwenye seva, yaani kompyuta inayoamua nani amempiga nani, na kurudi. Data inayotoka Lafey ikapitia nyaya za baharini zinazotua Mombasa hadi seva iliyoko Ulaya haiwezi kurudi papo hapo, hata minara ikiwa mizima, kwa kuwa mwanga wenyewe husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa takriban kilomita 200,000 tu kwa sekunde. Matokeo yake humwonea aliyetulia: anayechomoza konani humwona mara moja mlinzi aliyesimama, kwa sababu mlinzi huyo tayari yumo kwenye picha ya simu yake, wakati habari ya kuchomoza kwake bado iko njiani. Kuikodolea macho kona peke yako, mbinu inayosifiwa sana, ni hasara kwa mwenye mtandao wa polepole. Afadhali walinzi wawili waikabili kutoka pembe mbili, na kila mmoja ahame baada ya kufyatua.

Sauti ya mazungumzo ya kikosi nayo huchelewa, hivyo maneno yawe machache. Asemaye “wawili, mlango wa kushoto, mmoja kaumia” ametaja idadi, mahali na hali kwa maneno sita, lakini apigaye ukelele wa “hapa! hapa!” hajamwambia kitu mtu asiyekuwepo hapo. Majina ya milango na ngazi hukubaliwa kabla ya raundi, kwa Kisomali au kwa Kiswahili, mradi yawe mafupi. Bomu lenyewe halipewi mwenye mtandao dhaifu kuliko wote, hata akiwa mlengaji hodari, kwa kuwa mtandao wake ukikatika katikati ya shambulizi, waliobaki hulazimika kwanza kulifuata lilipo ndipo wafikirie kituo.