Riwaya kwa Siku 30: Namna ya Kuandika Bila Mpango Uliokamilika

Mkazi wa Bujora hahitaji kuelezwa maana ya mashindano. Sikukuu ya Bulabo inapowadia mwezi Juni, Wagika na Wagalu hucheza ngoma kwa wakati mmoja, na kundi linalovuta watazamaji wengi zaidi ndilo huhesabiwa kuwa mshindi. Yako mashindano mengine yasiyo na mtazamaji hata mmoja, ambayo mtu hushindana na daftari lake mwenyewe. Makala haya yanaeleza namna ya kuyashiriki.

Mwezi Julai 1999, watu 21 wa eneo la San Francisco nchini Marekani, wakiongozwa na Chris Baty, waliazimia kila mmoja aandike riwaya kwa mwezi mmoja. Tangu mwaka uliofuata zoezi hilo likahamia Novemba, na kipimo kilichozoeleka ni maneno 50,000 kwa siku 30. Taasisi iliyolisimamia ilitangaza mwaka 2025 kwamba inafunga shughuli zake, lakini zoezi lenyewe halitegemei ofisi yoyote. Hesabu yake ni maneno 1,667 kwa siku. Ikiwa ukurasa mmoja wa daftari lako unachukua maneno 200, hizo ni kurasa nane na kidogo kila siku.

Wengi hawaanzi kuandika kwa kuwa wanasubiri kuijua hadithi yote kwanza. Anayeandika bila mpango huanza na vitu viwili tu: mtu, na jambo linalomnyima usingizi. Chukua mfano wa mama anayeuza dagaa Kisesa. Mumewe inasemekana alizama ziwani miaka mitatu iliyopita. Asubuhi moja anasimama mbele yake mteja mgeni aliyevaa shati lenye kiraka, na kiraka kile alikishona yeye kwa mkono wake. Mwandishi hana haja ya kujua shati lilifikaje pale. Anachotakiwa kujua leo ni neno la kwanza atakalotamka mama yule. Kesho ataandika jibu la mgeni, na jibu hilo litazaa swali la keshokutwa.

Kanuni za kusaidia ni chache. Tenga saa moja isiyobadilika, iwe alfajiri au baada ya chakula cha usiku. Usifute wala usirudi nyuma kusahihisha. Ukigundua kwamba Juma wa jana leo amekuwa Masanja, andika jambo hilo katika ukurasa wa mwisho wa daftari, kisha usonge mbele. Acha kazi ya siku mahali ambapo tukio halijaisha, ili kesho upate pa kuanzia. Ukikwama, mlete mtu mwenye madai: mwenye nyumba, mkwe, au mtoto aliyefukuzwa shule.

Njia hii ina hasara zake, na ni haki msomaji azifahamu. Katikati ya mwezi hadithi hupoteza mwelekeo, wahusika husahaulika njiani, na mambo hujirudia. Kwa hiyo kilichopatikana siku ya 30 bado ni rasimu. Kiweke kando kwa wiki kadhaa, kisha kisome chote na uandike kila sura ina jambo gani. Orodha hiyo ndiyo mpango wako. Tofauti ni kwamba umekuja baada ya kazi. Hapo ndipo pa kukata, kupanga upya na kusahihisha, na kazi hiyo huweza kuchukua miezi mingi.

Kanda yetu ya Ziwa ina ushahidi wa thamani ya subira hiyo. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alikamilisha mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe kuhusu Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliotaabika kwa kukosa mtoto. Mfuatano wa riwaya hiyo ni ule wa maisha yenyewe: ndoa, utasa, uzazi, malezi, uzee. Haikupata mchapishaji. Mwandishi aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Kitereza alifariki mwaka 1981. Miaka yote hiyo kazi ilidumu kwa sababu moja: ilikuwa imeandikwa. Hadithi aliyokufa nayo mzee bila kuiandika haina mswada wa kusubiri mchapishaji.

Anayefikisha rasimu mwisho anazo huduma za kumsaidia. Maktaba ya Mkoa jijini Mwanza ni mahali pa kusoma riwaya za wengine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda kazi yako tangu unapoiandika, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, huisajili. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa ithibati ya lugha. Aidha, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hupokea miswada ya riwaya. Fuatilia matangazo yake.

Hayo yote ni ya baadaye. Kwa leo yatosha daftari, kalamu, na mtu mmoja mwenye jambo linalomnyima usingizi.