Kompyuta Kuukuu na Tovuti Zinazokataa Kufunguka

Idarani tunazo kompyuta mbili kuukuu za Windows XP. Zilipoanza kukataa tovuti, wanafunzi walidhani intaneti imekatika. Sivyo.

Kwanza tulitazama tarehe. Kila tovuti salama huonyesha cheti chenye siku ya kuanza na ya kuisha. Ndani ya kompyuta mna betri ndogo ya duara, CR2032. Ikifa, kila umeme unapokatika saa hurudi nyuma miaka mingi, na cheti cha leo huonekana ni cha siku ambayo bado haijafika. Kompyuta yetu moja ilidhani ni mwaka 2002! Tulibadilisha betri, tukarekebisha tarehe, tovuti kadhaa zikafunguka.

Zilizobaki zilikwama kwenye kivinjari (wengine husema kisakuzi, ubishi huo tuuache kwa leo). Internet Explorer ya XP haijui TLS 1.2, njia ya kuficha mawasiliano ambayo tovuti nyingi sasa huidai. Tulipakua Firefox 52 ESR kwenye mashine nyingine, tukaileta kwa flashi. Hilo ndilo toleo la mwisho linalokubali XP. Sasa kamusi na magazeti husomeka, ingawa polepole.

Lakini wanafunzi, msiandike nywila humo! Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014, na Firefox hiyo haijarekebishwa tangu 2018. Barua pepe na matokeo fungueni kwingine.

Kompyuta ya pili tunakusudia kuiwekea antiX, Linux nyepesi, tukipata RAM ya kuongeza. MB 256 iliyo nayo haitoshi kwa kurasa za leo.