Injini ya Kukata Nyasi na Mikono ya Anayeitunza

Masika yanapokatika, mwishoni mwa Mei, nyasi za Moshi huwa zimestawi kiasi cha kufunika mawe ya kingo za njia. Huo ndio wakati ambao mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia inayofanana na trekta dogo, hutolewa stoo na kupewa kazi ya kila siku. Mkoani Kilimanjaro mashine za namna hii si nyingi. Ni za wenye viwanja vikubwa: hospitali, vyuo, shule za bweni, misheni, hoteli, na uwanja wa gofu. Ndugu zake wadogo, zile za kusukuma kwa mkono na za kuning'iniza begani, zimeenea zaidi na zimekwisha kupanda hadi Kibosho, Machame na Marangu. Anayeziendesha mara nyingi ni mtunza bustani aliyeonyeshwa mara moja jinsi ya kuwasha na kuzima, kisha akakabidhiwa ufunguo. Kitabu cha maelekezo, kama kipo, kimefungiwa kabatini ofisini.

Kisu kinachozunguka kila mtu hukiogopa. Kisichoogopwa ni mashine iliyosimama, nayo huumiza vilevile: mtu anapochomoa majani yaliyoziba, anapomwaga oili, anapojaza petroli, anapotia grisi. Matunzo yakipuuzwa, nyakati hizo za kuingiza mkono huongezeka, kwa sababu injini chafu huzimika mara kwa mara na visu butu huziba upesi. Ndiyo maana ratiba ya matengenezo inastahili kujadiliwa katika jarida la afya.

Jambo la kwanza ni oili. Injini ya silinda moja ya mashine ya kukalia huchukua takriban lita moja na nusu, na nyingine hukaribia lita mbili. Injini mpya hubadilishwa oili baada ya saa 5 hadi 8 za kwanza za kazi, kwa kuwa vyuma vipya vinapozoeana huacha chembechembe; baada ya hapo ni kila saa 50 au mara moja kwa msimu, lolote litakalotangulia. Oili ya SAE 30 inalifaa joto la tambarare. Ile ya 10W-30 hutumika pia, ila kwenye joto kali huliwa haraka, na kiwango chake hakina budi kukaguliwa kila mara kabla ya kuwasha. Mashine ambayo saa yake ya kuhesabu kazi imekufa haina haja ya kifaa kingine: daftari la shule lenye tarehe na saa za kazi linatosha.

Kupima oili kunataka ardhi tambarare, nayo kwenye miteremko ya Kilimanjaro ni adimu. Mashine ikiwa imeinama, kijiti cha kupimia hutoka na alama ya uongo. Mtu akaongeza oili isiyohitajika, au akaamini inatosha ilhali imepungua. Mteremko una ubaya mwingine pia. Injini inayofanya kazi muda mrefu imeinama hukosa oili kwenye baadhi ya vyuma vyake, na mashine yenyewe huweza kupinduka na kumlalia dereva. Watengenezaji wengi hukataza mteremko unaozidi nyuzi 15. Ndani ya kikomo hicho, mashine ya kukalia huendeshwa kwa kupanda na kushuka, kamwe si kwa kukatiza mteremko. Ya kusukuma kwa mkono ni kinyume: hukatiza mteremko, ili anayeteleza asiangukie kisu wala mashine isimshukie miguuni.

Oili humwagwa injini ikiwa na uvuguvugu, kwani ikiwa baridi hunata na kubakiza uchafu, na ikiwa ya moto sana huunguza. Iliyokwisha kutumika si sawa na ile mpya. Imebeba masizi na kemikali za mwako ambazo, zikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka, huweza kusababisha saratani ya ngozi. Glavu zivaliwe, na mikono ioshwe kwa sabuni, si kwa petroli kama ilivyo desturi ya gereji nyingi. Petroli huondoa mafuta ya ngozi, ikaacha nyufa ambazo uchafu huo hupitia. Mahali pa kuimwaga nalo ni suala la afya. Wengi huihifadhi kwa ajili ya kupaka nguzo dhidi ya mchwa, na wengine huimwaga tu chini ya mgomba. Katika nchi ya vihamba, maji ya mfongo yanayopita kwa jirani wa juu ndiyo yanayomfikia jirani wa chini, ng'ombe wake na mboga zake. Dumu lenye mfuniko, lililoandikwa kwa wino usiofutika na kupelekwa kwenye gereji inayokusanya oili chafu, halina gharama kubwa.

Baada ya oili ni pumzi. Januari na Februari vumbi la tambarare za Moshi huwa jepesi kama unga, nalo huingia kwenye chujio la hewa. Sifongo ya chujio huoshwa kwa maji na sabuni kila baada ya saa 25, ikakaushwa vizuri. Chujio la karatasi halioshwi wala halipulizwi kwa kompresa, hugongwagongwa polepole na kubadilishwa likichakaa. Mapezi ya kupoza yaliyozunguka silinda yasafishwe pia, kwa sababu nyasi kavu zikijazana hapo injini huchemka, na zikirundikana juu ya ekzosi huweza kuwaka moto.

Plagi husomwa kama daktari anavyosoma ulimi wa mgonjwa. Rangi ya kahawia iliyofifia ni dalili njema. Nyeusi yenye masizi makavu yaonyesha kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa: pengine chujio limeziba, pengine kabureta haikurekebishwa, pengine mashine imepandishwa mlimani. Mji wa Moshi uko kwenye mita 800 hadi 900 hivi juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya juu hupita mita 1,500. Kwa kila mita 300 za kupanda, injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu yake, kwa kuwa hewa ni nyepesi zaidi huku kabureta ikiendelea kutoa petroli ileile. Uwazi wa plagi kwa injini nyingi za aina hii ni milimita 0.76.

Moshi mweusi wa injini kama hiyo hauishii kuchafua plagi. Petroli isiyoungua sawasawa hutoa gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi zaidi, nayo haina rangi wala harufu. Juni na Julai, baridi na ukungu vinaposhuka hadi vijiji vya chini, kuna mazoea ya kuijaribu injini ndani ya stoo, mlango ukiwa umerudishwa. Anayefikishwa zahanati akiwa na kichwa kinachouma, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida anaweza kupewa dawa ya malaria kabla hajaulizwa alikuwa wapi asubuhi. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni nacho hudanganya hapa: husoma damu iliyobeba kaboni monoksidi kana kwamba imebeba oksijeni, kikaonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Mgonjwa atolewe penye hewa safi na apewe oksijeni nyingi kwa barakoa, namba isemavyo isemavyo.

Sasa mkono wenyewe. Kabla ya kugusa chochote chini ya mashine, injini izimwe, ufunguo utolewe, visu vingojewe hadi visimame kabisa, kisha waya wa plagi uchomolewe na kuwekwa kando. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa. Katika mashine ya kusukuma, kuzungusha kisu kwa mkono huzungusha injini nzima, na injini yenye joto huweza kupiga mara moja. Katika ya kukalia, yenye visu viwili au vitatu vilivyounganishwa kwa mkanda, kugeuza kimoja hugeuza vingine, na kidole kilicho upande wa pili hakina habari. Majani yaliyoziba hutolewa kwa kijiti. Mashine iliyoinuliwa kwa jeki peke yake haifai kuingiwa chini. Iwekewe stendi au magogo imara. Swichi iliyo chini ya kiti, inayozima injini dereva anaposhuka, mafundi wengine huifunga kwa waya kwa sababu inasumbua. Fundi anayefanya hivyo ameondoa kinga iliyolipiwa.

Jeraha moja la matengenezo lataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu huwapita hata wahudumu wazoefu. Mihimili ya visu na magurudumu ya mbele hutiwa grisi kwa bomba la mkono. Mgandamizo ndani ya bomba hilo ni mkubwa mno. Mpira ukipasuka, au mdomo wa bomba ukiteleza, grisi huweza kupenya ngozi na kuingia ndani ya kidole kwa tundu dogo kama la sindano. Mwanzoni hapaumi sana, damu haitoki, na kidole chaonekana kizima. Mgonjwa huona aibu kuja hospitali kwa doa. Ndani, grisi imekwisha kusafiri kando ya kano, pengine hadi kiganjani, ikibana mishipa ya damu na kuua nyama. Baada ya saa chache kidole huvimba, hukaza na kuuma vibaya. Kukisafisha kwa spiriti, kukifunga bandeji na kumruhusu mgonjwa arudi nyumbani ni njia ya kukipoteza. Huyu ni mgonjwa wa upasuaji wa dharura siku hiyohiyo: mkono uinuliwe, asipakwe barafu wala kuchomwa ganzi kidoleni, apewe kinga ya pepopunda na rufaa bila kungoja uvimbe.

Petroli ina njia zake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa; hutambaa sakafuni na kuufuata moto wa jiko ulio mita kadhaa mbali. Tangi lijazwe nje, injini ikiwa imepoa. Anayeungua amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, pasipo asali, yai wala dawa ya meno. Petroli iliyokaa zaidi ya siku 30 huchacha na kuziba kabureta, na hapo ndipo hutolewa kwa mpira na kunyonywa kwa mdomo. Tone linaloingia mapafuni huleta nimonia ya kemikali. Asitapishwe, na asipewe maziwa. Aangaliwe pumzi hospitalini kwa saa kadhaa hata kama anasema yu mzima. Chupa ya maji ya kunywa iliyotiwa petroli na kuachwa stoo humngoja mtoto, na mtoto huwa na kiu mchana.

Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kikigusa barafu moja kwa moja huharibika. Kisha gari literemke moja kwa moja Moshi, KCMC, wakati huohuo hospitali ikipigiwa simu. Jeraha lolote la mashine hii limechanganyika na udongo na samadi, na wanaume watu wazima ndio wanaoisahau zaidi chanjo ya pepopunda, kwa kuwa kliniki huwachanja watoto na wajawazito. Mtunza bustani aulizwe alichanjwa lini, naye akisema hakumbuki, achanjwe.

Baada ya kumfunga jeraha bado kuna karatasi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri kutoa vifaa vya kinga na mafunzo, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyounda mfuko unaomlipa anayeumia kazini. Malipo hayo hutegemea kilichoandikwa siku ya kwanza. Faili linalosema tu kwamba mgonjwa ana jeraha la kidole cha shahada halimsaidii. Liandikwe kwamba aliumia kazini, saa ngapi, kwa mashine gani, injini ikiwa imewashwa au imezimwa, na alikuwa akifanya nini nayo.