Shaka, Dhana na Yakini

Mwanamke mmoja, fundi wa cherehani ambaye chumba chake cha kazi kiko karibu na barabara ambayo wenyeji wengi wa Mikocheni wangali wakiiita Bagamoyo ya Zamani, japo vibao vyake siku hizi vina jina la Mwai Kibaki, alikuja kwangu alasiri moja, akaniamkia, akaketi, akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nyingi hata ikawa ndogo kuliko kiganja, na kabla sijaipokea akaniuliza, "Dokta, niambie ukweli tu, ni kansa?" Karatasi ile ilikuwa majibu ya altrasaundi aliyopigwa siku mbili kabla yake, na aliyemkabidhi hakumwambia neno ila kwamba ampelekee daktari wake, naye, kwa kuwa imeandikwa Kiingereza cha kidaktari, alimwomba kijana wa duka la dawa amsomee, na kijana yule, bila nia mbaya, akamfasiria karatasi nzima kwa neno moja: uvimbe. Kabla hajavuka barabara, moyo wake ulikwisha fika Ocean Road, kwenye ile taasisi ya saratani iliyo ufukweni, ambayo jina lake tu likitajwa hapa Dar es Salaam sauti za watu hushuka.

Amenipa ruhusa niisimulie habari yake bila jina, kwa kuwa anaamini wako wengine wanaolala macho usiku huu kwa sababu ya karatasi kama ile, nami naamini hivyo hivyo.

Neno lililomtia hofu halina hatia, lakini limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Jipu huitwa uvimbe, kifuko cha maji huitwa uvimbe, fibroidi huitwa uvimbe, na saratani nayo huitwa uvimbe; kadhalika neno kizazi, kwa watu wengi, hukusanya mji wa mimba, mirija na mifuko ya mayai kama kwamba vyote ni kiungo kimoja. Mtu akiambiwa ana uvimbe kwenye kizazi ameambiwa mengi kwa hofu na machache kwa elimu. Nilipoikunjua karatasi ile nilikuta maelezo yaliyo wazi: kwenye ovari ya kushoto pana kifuko cha sentimita 4.6, ukuta wake mwembamba, ndani mna maji matupu, hamna vigawanyo wala nyama iliyoota. Nilipomtajia kipimo, akatoa mkobani futikamba yake ya kazi, akaweka kidole gumba kwenye sentimita 4.6, akaitazama nafasi ile kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni kama ndimu." Nikamwambia ndivyo, ni upana wa ndimu, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo, kwa maana kitu chenye kipimo hakitishi kama kitu kisicho na mpaka.

Ovari ni mbili, kila moja kwa kadiri ya lozi, na kila mwezi, kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, kifuko kidogo cha maji hukua ndani ya mojawapo hata kufikia sentimita 2 hivi, kikapasuka, kikatoa yai. Maana yake ni kwamba mwili wa mwanamke hutengeneza uvimbe wa maji kila mwezi, na kuutengeneza huko ndiko afya yenyewe. Lakini kuna miezi ambayo kifuko hukataa kupasuka, kikaendelea kujaa, na kuna miezi ambayo hupasuka, kikajifunga tena, kikajaa maji au damu. Na vifuko vya namna hii, aghalabu, hunywea vyenyewe baada ya wiki 6 hadi 12. Ndiyo sababu daktari humwambia mgonjwa arudi baada ya wiki sita, na mgonjwa hutoka akinung'unika kwamba hakupewa hata kidonge, ilhali amepewa kipimo ambacho hakuna mashine iwezayo kukishinda, nacho ni muda. Kifuko cha mwezi muda hukiondoa. Kisichoondoka hujitambulisha kuwa ni cha jinsi nyingine: pengine kile chenye mafuta na nywele, na mara nyingine meno, ambacho mtu huweza kuwa nacho tangu ujanani asijue. Pengine kile chenye damu nzito ya rangi ya chokoleti, kitokanacho na utando wa ndani wa mji wa mimba kuota pasipo pake. Pengine kingine cha kuchunguzwa zaidi.

Hapa sina budi kusema juu ya dawa zinazouzwa sokoni na kwenye simu kwa sifa ya kuyeyusha uvimbe na kusafisha kizazi. Muuzaji humpa mwanamke chupa, mwanamke hunywa mwezi mmoja na nusu, hupigwa altrasaundi, kifuko hakionekani, na muuzaji hupata shahidi wa kweli, asiyesema uongo hata kidogo, ila asiyejua kwamba kifuko kile kingeondoka hata angekunywa maji ya kisima. Mwenzake, ambaye uvimbe wake si wa kuondoka, hunywa chupa hiyo hiyo, hupoteza miezi aliyoihitaji, wala hakuna anayemtangaza.

Waalimu wetu wa zamani wa pwani, waliosoma elimu ya sheria kwa Kiarabu, walitufundisha kutenga maneno matatu ambayo leo tunayachanganya. Shaka, walisema, ni pale mizani inapokuwa sawa, huku na huku hakuna pazito. Dhana ni pale upande mmoja unapoelemea, japo haujagusa chini. Na yakini ni pale jambo linapothibiti. Katika miaka yangu ya kuwatibu wanawake nimeona kwamba mateso makubwa ya anayengoja majibu hutokana na kukaa kwenye shaka ilhali dalili zilikwisha mfikisha kwenye dhana, na hakuna aliyemwambia. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta, wakawaonyesha mawe, wakawataka wabashiri kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akionekana, mbashiri alipata mshtuko wa umeme mkononi wenye kuuma. Ikadhihirika kwamba taharuki ilizidi kwa mtu ambaye uwezekano wake ulikuwa nusu kwa nusu, ikapita hata ya yule aliyejua kwa hakika kwamba ataumizwa. Ile mizani iliyo sawa ndiyo iumizayo kuliko zote.

Basi kazi yangu ya kwanza alasiri ile haikuwa kumtibu fundi yule, bali kumwonyesha mizani yake imeinamia wapi. Madaktari wa wanawake wa Uingereza wameandika katika mwongozo wao kwamba, kwa wanawake ambao hedhi haijakatika, uvimbe wa ovari wenye kuleta dalili huwa saratani kwa kadiri ya mwanamke mmoja katika 1,000, na watatu katika 1,000 umri ukifika miaka 50. Kifuko cha maji matupu kisichozidi sentimita 5, kwa mwanamke kama huyu wa miaka 34, wao hawaoni hata haja ya kukifuatilia. Mimi nilimtaka arudi baada ya wiki sita kwa kuwa alikuwa na maumivu ya upande, na kwa kuwa nilijua hatatulia mpaka aone kwa macho yake. Sikumwambia hana kitu, wala sikumwapia, kwa sababu yakini sikuwa nayo. Nilimwambia dhana yangu ni ya kheri na imeelemea sana, nikampa sababu.

Akaomba apimwe damu, "kile kipimo cha kansa." Kipimo hicho kiko, huitwa CA-125, na kikipita uniti 35 kwa mililita huhesabiwa kuwa juu, lakini hupanda vile vile kwa mwenye fibroidi, kwa mwenye maambukizo ya nyonga, kwa mjamzito, hata kwa aliye kwenye siku zake, na katika nchi yetu, ambako kifua kikuu kingalipo, kifua kikuu cha tumbo hukipandisha na kujaza tumbo maji, kikajifanya saratani mbele ya macho ya madaktari. Kumpima mwanamke kijana mwenye kifuko cha maji matupu, kwa ajili ya hofu yake tu, ni kumnunulia shaka mpya kwa fedha zake.

Nami humsimulia mgonjwa wa namna hii asili ya mashine iliyompiga picha. Profesa Ian Donald wa Glasgow, bingwa wa wanawake, alisikia kwamba mafundi wa chuma hutumia sauti isiyosikika kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Basi mwaka 1955 akapakia garini vimbe zilizotolewa wagonjwa, akazipeleka kiwandani Renfrew kunakotengenezwa matangi ya mvuke, akazijaribu kwa mashine yao, akaona kwamba uvimbe wa maji na uvimbe wa nyama hutoa mwangwi mbalimbali. Baadaye akaletewa mwanamke aliyejaa tumbo, ambaye madaktari walikuwa wamekata tamaa naye kwa kudhani ana saratani ya tumbo isiyotibika. Mashine ikaonyesha kifuko kikubwa cha ovari, kikapasuliwa, kikatolewa, mwanamke akapona. Habari ile ilichapishwa mwaka 1958. Mashine hii, tangu ujana wake, imetenganisha maji na nyama, na kutenganisha huko ndiko kulikomtoa mtu kaburini kabla hajafa.

Wako ambao kungoja kwao ni kuzito zaidi, nao ni waliopasuliwa na kinyama chao kikapelekwa kupimwa. Hao hudhani majibu yamefichwa. Kumbe kinyama huhifadhiwa kwenye dawa kisioze, hukaushwa, huzamishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, hutiwa rangi, ndipo bingwa akavisoma kwa darubini, na pengine akamwita mwenzake. Ulizeni siku ya majibu, na jina la atakayewapigia simu; tarehe iliyo wazi, hata ikiwa mbali, hubebeka.

Nayasema haya kwa uchungu: tumezoea kumwambia mtu wa namna hii apunguze mawazo, kana kwamba hofu yake ni upungufu wa imani. Huko California watafiti waliwafuata wahitimu wa sheria wanaongoja matokeo ya mtihani wao kwa miezi minne, wakaona kwamba hila nyingi za kujiliwaza hazikuwapunguzia wasiwasi, na kwamba waliohangaika wakati wa kungoja waliipokea habari, njema au mbaya, vizuri kuliko waliojifanya watulivu. Kilichosaidia ni kazi yenye kumzamisha mtu hata akasahau saa. Fundi wangu hakuhitaji kuambiwa hilo na mtafiti. Alikubali oda ya sare za shule aliyokuwa ameikataa, akamweleza dada yake wa Tandika na mumewe, basi, na shoga zake wote akawaacha. Usiku simu huiacha sebuleni, kwa maana simuni ndimo alimokuwa akisoma vifo vya watu asiowajua.

Lakini kungoja kuna mpaka wake. Maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo, hasa yakija na kutapika, huenda yakawa ni ovari iliyojisokota, na ovari iliyojisokota hufa kwa saa, si kwa wiki. Kuzirai, homa, kutokwa damu nyingi, au maumivu kwa aliyepitisha siku zake, yote hayo ni ya kwenda hospitali usiku huo huo. Na mwanamke aliyekwisha koma hedhi, au ambaye mama au dada yake alipata saratani ya ovari au ya matiti akiwa kijana, asijifariji kwa hesabu nilizozitaja juu. Mizani yake ni nyingine, na aseme hivyo mapema.

Wiki sita za fundi zinatimia Alhamisi ijayo. Ameizungushia tarehe duara kwa chaki yake ya kukatia nguo, kwenye kalenda iliyo juu ya cherehani, na jana alinipigia simu, si kuuliza kama ni kansa, bali kuuliza anywe maji kiasi gani ili kibofu kijae kabla ya kupigwa picha. Nilimwambia chupa moja kubwa, saa moja kabla.